TACE: kuziba mshipa unaolisha saratani ya ini

Viungo vingi vya mwili hupata damu kwa njia moja. Ini lina mbili. Ya kwanza ni ateri ya ini, tawi la aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, linaloleta damu yenye oksijeni nyingi. Ya pili ni vena ya potali, mshipa mpana unaokusanya damu iliyokwisha kupita kwenye tumbo, utumbo na wengu, ikiwa imebeba virutubisho vya chakula kilichosagwa, na kuipitisha kwenye ini kabla haijarudi moyoni. Kwa mtu mwenye afya, vena hiyo ndiyo inayoleta takriban robo tatu ya damu yote ya ini. Ateri huleta robo iliyobaki.

Saratani inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe haifuati mgawanyo huo. Kadiri inavyokua hujitengenezea mishipa yake, na mishipa hiyo huchipuka karibu yote upande wa ateri. Watafiti wawili, Breedis na Young, walilionyesha jambo hilo mwaka 1954, na tiba ninayotaka kuieleza hapa imejengwa juu yake.

Chukua nyumba yenye maji ya bomba na kisima uani. Mpangaji mmoja mkorofi amejiunganishia bomba, kisimani hafiki kabisa. Ukifunga koki ya bomba, wenye nyumba wataendelea kuchota kisimani. Atakayekaukiwa ni mpangaji. TACE, ambayo madaktari huitamka "teisi", ni kufunga koki hiyo, ila kabla ya kuifunga unatia dawa ndani ya bomba. Jina lake refu ni kemoembolaizesheni ya kupitia ateri. Mrija mwembamba uitwao katheta huingizwa kwenye mshipa wa kinenani au wa mkononi, husukumwa mpaka ndani ya ini, humwaga dawa ya kemo kwenye matawi yanayolisha uvimbe, kisha matawi hayo huzibwa.

Lakini kama kisima chenyewe kimeshakauka, kufunga bomba ni kuwaua na wenye nyumba. Sehemu kubwa ya makala haya inahusu kisima, kwa sababu familia nyingi zinazoulizia TACE huulizia uvimbe una sentimita ngapi, wakati daktari mzoefu anaangalia kwanza ini lililobaki.

Uvimbe unavyojisaliti kwenye picha

Suala hilohilo la damu ndilo linalowawezesha madaktari kuutambua ugonjwa bila kukata kinyama cha ini. Mgonjwa akipimwa CT, yaani eksirei ya kompyuta, ya awamu tatu, hudungwa dawa ya aiyodini kwenye mshipa wa mkono, na mashine hupiga picha kwa nyakati tofauti. Sekunde 30 hivi baadaye, dawa imefika kwenye ateri: uvimbe unang'aa huku ini linalouzunguka likiwa bado hafifu. Ikifika kama sekunde 70, dawa imeshazunguka kwenye utumbo na kurudi kupitia vena ya potali. Sasa ini lote linang'aa, na uvimbe, usiopata damu ya vena, umefifia. Kwa mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au mwenye hepatitisi B ya muda mrefu, kung'aa mapema na kufifia baadaye mara nyingi kunatosha kuthibitisha saratani ya ini.

Ndiyo maana altrasaundi peke yake, au CT iliyopigwa awamu moja, haiwezi kuamua kama unafaa TACE. Altrasaundi huonyesha kwamba kuna kitu. Haionyeshi kinakula kutoka wapi. Anayekwenda kwa mtaalamu na picha za aina hiyo hurudishwa kwenye mashine na kulipa tena, kwa hiyo inafaa kuuliza mapema kama CT itapigwa awamu tatu.

Ndani ya chumba

Kazi hii haifanywi na daktari wa upasuaji. Hufanywa na daktari wa tiba radiolojia, fani ambayo wengi huisikia kwa mara ya kwanza siku wanapopewa rufaa. Chumba kina meza nyembamba, na mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la herufi C unaomzunguka mgonjwa. Kwa kawaida hapewi nusu kaputi. Anapigwa ganzi mahali pa kuingilia na kupewa dawa kidogo ya kumtuliza. Yuko macho au anasinzia.

Namna ya kuingia ateri bila kuipasua ilibuniwa mwaka 1953 na daktari kijana wa Stockholm, Sven-Ivar Seldinger, na haijabadilika sana tangu hapo. Unatoboa ateri kwa sindano. Unapitisha waya laini ndani ya sindano. Unachomoa sindano, waya unabaki. Unatelezesha katheta juu ya waya, kisha unauchomoa waya. Tundu linalobaki ni jembamba kuliko kalamu ya wino.

Kutoka kinenani katheta inapanda ndani ya aota hadi kwenye tawi la siliaki, ambalo hugawa damu kwa tumbo, wengu na ini. Hapo daktari anasukuma dawa ya aiyodini, na kwenye skrini mishipa inajitokeza myeusi juu ya sehemu nyeupe. Mgonjwa anahisi joto likimsambaa tumboni, na anaambiwa abane pumzi asitikisike, kwa sababu ini hupanda na kushuka na kila pumzi na picha huharibika. Mishipa mizuri ya ini hupungua unene polepole kadiri inavyogawanyika. Ya uvimbe imesokotana ovyo, na katikati yake kuna doa linaloendelea kuwa jeusi hata baada ya mishipa mingine kusafika.

Hatua hii haina haraka, na nadhani ndipo tofauti ya daktari na daktari inapoonekana. Ramani ya mishipa haifanani kwa watu wote. Kuna watu ambao ateri ya upande wa kulia wa ini haitoki kwenye siliaki, bali kwenye ateri kubwa ya utumbo iliyo chini yake. Kuna uvimbe ulio karibu na kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambao umeshajivutia damu kutoka ateri za kiwambo chenyewe. Asiyezitafuta njia hizo atatibu nusu ya uvimbe, na nusu nyingine itaendelea kula kama kawaida.

Baada ya ramani kueleweka, mrija mwembamba zaidi, usiofikia milimita moja, unapitishwa ndani ya ule wa kwanza na kupenyezwa tawi kwa tawi hadi lile linaloingia kwenye uvimbe. Kadiri unavyosogea karibu, ndivyo sehemu ya ini isiyo na saratani inavyosalimika. Jirani na matawi hayo kuna mengine yanayokwenda kwenye kifuko cha nyongo, tumboni na mwanzoni mwa utumbo mdogo. Dawa ikipotelea huko, mgonjwa anaweza kupata vidonda vya tumbo au kifuko cha nyongo kikaumuka.

Pembeni, dawa inachanganywa. Mara nyingi ni doksorubisini, ambayo ni nyekundu, au sisplatini. Huyeyushwa kwanza, kisha huunganishwa na mafuta mazito yaitwayo Lipiodol. Mabomba mawili ya sindano huunganishwa kwa kifereji kidogo chenye koki, moja lina dawa na lingine mafuta, na mchanganyiko husukumwa huku na huko, huku na huko, mpaka vitu viwili visivyopatana vinakuwa kimoja kizito. Mafuta hayo yana historia ya kuchekesha kidogo. Yalitengenezwa Paris mwaka 1901 na mfamasia Marcel Guerbet kwa kuunganisha aiyodini na mafuta ya mbegu za mpopi, mmea uleule unaotoa afyuni, ingawa mafuta yenyewe hayana afyuni. Kuanzia miaka ya 1920 yalitumika kuonyesha viungo vya ndani kwenye eksirei. Ni madaktari wa Japani, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, waliogundua kwamba yakimwagwa kwenye ateri ya ini, ini lisilo na saratani huyasafisha baada ya muda lakini uvimbe hushindwa, unakaa nayo wiki nyingi. Kwa hiyo yanafanya kazi mbili: yanaubebea uvimbe dawa, na kwa kuwa yana aiyodini, yanaacha alama nyeupe kwenye CT inayoonyesha dawa imefika wapi.

Mwisho hufuata chembe za kuziba. Za zamani ni vipande vidogo vya sponji ya jelatini, ambavyo mwili huviyeyusha baada ya wiki kadhaa. Za kisasa ni chembe za duara zilizonyweshwa kemo tangu mwanzo, zinazoitoa polepole zikiwa zimekwama ndani ya uvimbe. Daktari husukuma kidogo kidogo huku akitazama skrini, na husimama pale damu ya tawi hilo inapokuwa imezubaa. Hapendi kuua tawi kubwa kabisa, kwa sababu huenda akahitaji kupita hapohapo miezi miwili ijayo. Kazi yote huchukua saa moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Aliyeingizwa kinenani hulala chali mguu umenyooka kwa saa kadhaa ili tundu lijifunge.

Takwimu mbili zisizofanana

Japani walikuwa wakiitumia tiba hii kwa maelfu ya wagonjwa tangu miaka ya 1980, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuapa kwamba inaongeza maisha. Uvimbe ulinywea kwenye picha, sawa, ila watu walikufa kwa ini kushindwa. Majaribio ya mwanzo ya Ulaya hayakuonyesha faida. Mambo yaligeuka mwaka 2002, pale majaribio mawili madogo yalipochapishwa, moja la Barcelona na lingine la Hong Kong.

Barcelona walilinganisha wagonjwa waliopata TACE na wale waliotunzwa bila kuishambulia saratani. Baada ya miaka miwili, kati ya kila wagonjwa 100 wa TACE walikuwa hai 63. Kwa wengine walikuwa 27. Hong Kong, ambako wagonjwa wengi walikuwa na hepatitisi B kama ilivyo kwetu Afrika Mashariki, miaka miwili baadaye walikuwa hai 31 kati ya 100 dhidi ya 11. Kila mmoja kwa upande wake alionyesha faida ya wazi, na tangu hapo TACE ikawa tiba ya kawaida ya saratani ya ini isiyoweza kukatwa lakini ambayo bado haijatoka nje ya ini.

Sasa zisome kwa pamoja, zikiwa ubavu kwa ubavu. Baada ya mwaka mmoja, waliotibiwa Hong Kong walikuwa hai 57 kati ya 100. Wale wa Barcelona ambao hawakutibiwa kabisa walikuwa hai 63. Yaani katika mwaka huo wa kwanza asiyepata TACE Hispania alikuwa na nafasi kubwa ya kuwa hai kuliko aliyeipata Hong Kong. Haina maana kwamba wa Hong Kong hawakujua kazi. Maana yake ni kwamba waliingizwa wagonjwa wa aina mbili tofauti. Barcelona walikagua watu 903 na kuchukua 112 tu. Wengine wote walikataliwa, kwa uvimbe kuvuka mipaka, kwa ini kuchoka, kwa vena ya potali kuziba. Waliobaki walikuwa na ini lenye nguvu, na mtu mwenye ini lenye nguvu huishi muda fulani hata bila tiba.

Ndiyo maana sipendi kuona tangazo la hospitali linalosema "wagonjwa wetu wa TACE huishi miaka kadhaa". Wagonjwa gani? Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti zenye wagonjwa zaidi ya 10,000 wa TACE ya Lipiodol, ulikuta nusu yao waliishi zaidi ya miezi 19.4. Karibu theluthi moja walikuwa hai baada ya miaka mitano. Hapo kati kuna mtu aliyeishi miezi minne na mwingine aliyeishi miaka minane, na kilichowatenganisha mara nyingi kilijulikana kabla katheta haijaingia.

Je, kemo inafanya kazi gani hasa?

Hapa madaktari wenyewe hawajakubaliana, na mgonjwa ana haki ya kujua. Jina la tiba lina vitu viwili, kemo na kuziba, na watu hudhani cha kwanza ndicho chenye nguvu. Saratani ya ini ni sugu kwa kemo ya kawaida ya dripu. Ndiyo sababu doksorubisini haikuwahi kuwa tiba nzuri ya ugonjwa huu kwa njia ya mshipa wa mkono. Hoja ya TACE ni kwamba ukiimwaga dawa palepale kwenye uvimbe na kuziba mlango nyuma yake, uvimbe hupata kipimo kikubwa mno kuliko mwili wote. Hoja inaingia akilini. Lakini mwaka 2016 hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilichapisha matokeo ya kulinganisha chembe za kuziba zenye doksorubisini na chembe hizohizo zisizo na kitu, kwa wagonjwa 101. Tofauti haikuonekana, si kwa uvimbe kunywea wala kwa muda wa kuishi.

Jaribio moja la watu 101 halifungi mjadala, na vituo vingi duniani vinaendelea kutumia kemo. Hata hivyo linakupa picha sahihi zaidi: sehemu kubwa ya kazi inafanywa na njaa. Linaeleza pia kwa nini mtu wa TACE kwa kawaida hanyonyoki nywele zote wala haendi kliniki ya kemo kila wiki tatu. Na kama umetajiwa bei ya chembe za kisasa ikakutoa jasho, jua kwamba jaribio la Ulaya la mwaka 2010 lililozilinganisha na njia ya Lipiodol halikuthibitisha kwamba zinaua uvimbe zaidi. Faida yake iliyoonekana ni madhara machache ya doksorubisini na ini kutoumia sana, jambo lenye maana kwa mgonjwa dhaifu.

Njaa nayo ina ubaya wake. Uvimbe uliokosa oksijeni bila kufa hutoa kemikali za kuita mishipa mipya, na ndiyo sababu saratani hurudi pembezoni mwa sehemu iliyozibwa. Wazo la kuchanganya TACE na dawa za kuzuia mishipa hiyo lilijaribiwa mara kadhaa na vidonge vya sorafenibu, bila mafanikio ya kuridhisha. Mwaka 2025 yalichapishwa majaribio mawili makubwa yaliyoongeza na dawa za kinga ya mwili. Katika moja, ugonjwa ulitulia miezi 15 badala ya 8.2, katika lingine 14.6 badala ya 10. Huo ni muda wa ugonjwa kutulia, haujawa muda wa kuishi, na dawa hizo ni ghali kupita uwezo wa wengi wetu.

Ini linalobaki

Turudi kisimani. Daktari hupima nguvu ya ini kwa vitu vitano: bilirubini, albumini, kasi ya damu kuganda, kuwepo kwa maji tumboni, na kama akili ya mgonjwa imevurugika kwa sumu ambayo ini limeshindwa kuichuja. Kila kimoja hupewa alama 1 mpaka 3, jumla huanzia 5 hadi 15, na huitwa alama za Child-Pugh. Mwenye 5 au 6 ni kundi A, huyo ndiye wa TACE. Mwenye 7 hufikiriwa. Kuanzia 8 kwenda juu, na hasa mwenye macho ya njano au tumbo lililojaa maji yasiyotoka kwa dawa, TACE huweza kumuua haraka kuliko saratani yenyewe.

Kitu cha pili ni vena ya potali. Saratani ya ini ina tabia ya kuotea ndani ya vena hiyo na kuiziba. Ikizibwa shina lake, ini zima linakuwa linaishi kwa ateri peke yake, na sasa unataka kuja kuiziba ateri. Vituo vichache hujaribu kwa tahadhari pale tawi dogo tu limezibwa, ila shina likizibwa wengi hukataa. Wanaokataa hawajamkatia mgonjwa tamaa, wanajua hesabu.

Kuna pia wagonjwa ambao TACE ni ndogo mno kwao, kwa maana ya kwamba wanastahili kitu bora. Uvimbe mmoja kwenye ini lenye nguvu hukatwa. Uvimbe wa sentimita mbili au tatu unaweza kuunguzwa kwa sindano ya joto na ukaisha kabisa. Aliye na uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mitatu kila mmoja usiozidi 3, anaweza kufaa kupandikizwa ini, na kwake TACE hutumika kuushikilia ugonjwa wakati wa kusubiri. Ukiambiwa TACE bila yeyote kutaja njia hizi, uliza kwa nini zimeachwa.

Kwetu tatizo kubwa zaidi liko mbele ya mlango. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliojumuisha wagonjwa zaidi ya 2,500 wa nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulikuta kwamba nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi zaidi ya miezi 10.9 tangu kugundulika. Katika nchi nyingine nane, ilikuwa miezi 2.5. Misri takriban robo tatu walipata tiba ya kuishambulia saratani. Kwingine, 3 kati ya 100. Wagonjwa wetu walikuwa pia vijana zaidi, nusu wakiwa chini ya miaka 46. Wamisri wengi walikuwa wakifuatiliwa kwa hepatitisi C na uvimbe ukaonekana mapema. Kwetu wengi wana hepatitisi B waliyoipata utotoni wasijue, na wengine wamekula kwa miaka mahindi na karanga zenye sumukuvu, ambayo ikikutana na kirusi hicho huongeza hatari maradufu na zaidi. Wanafika hospitali tumbo limeshavimba.

Kwa hiyo safari ya India, ambayo harambee za familia huchangia haraka tukisikia neno saratani, wakati mwingine huanza na mgonjwa ambaye hakuna mtaalamu mwaminifu atakayemwingizia katheta. Vipimo vya damu vya Child-Pugh na CT ya awamu tatu vinapatikana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Zipelekwe picha na majibu kwanza, jibu lirudi, ndipo tiketi ikatwe. Na siku hizi si lazima swali liishie ng'ambo: tangu 2018 wakufunzi wa tiba radiolojia kutoka Marekani na kwingineko wamekuwa wakifundisha Muhimbili, na Tanzania sasa ina wataalamu wa fani hii waliosomea nyumbani.

Baada ya kurudi wodini

Usiku wa kwanza wengi hupata maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, homa, kichefuchefu na uchovu wa kumlaza mtu. Ni mwili unavyoupokea uvimbe unaokufa, si lazima iwe maambukizi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja. Paracetamol kwa kipimo alichoandika daktari inatosha wengi. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kama pipi madukani, mwenye sirosisi aziache; zinaweza kuzima figo. Mitishamba ya "kusafisha ini" nayo isubiri, maana baadhi yake huliumiza ini lilelile linalojaribu kupona.

Homa inayopita wiki, au inayotulia kisha ikarudi na kutetemeka, inaweza kuwa jipu ndani ya ini na inahitaji hospitali siku hiyohiyo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyewahi kuwekewa mrija kwenye njia ya nyongo. Mirija ya nyongo ina upekee wake: tofauti na nyama ya ini, yenyewe hutegemea ateri peke yake, haina kisima. Macho kuanza kuwa ya njano, kinyesi cheusi, kusinzia mchana na kukesha usiku, tumbo kujaa, hizo pia hazisubiri tarehe ya kliniki.

Wiki nne hadi sita baadaye CT hurudiwa. Usishtuke ripoti ikisema ukubwa wa uvimbe haujabadilika. Kinachotafutwa ni kama bado unang'aa kwenye awamu ya ateri. Uvimbe wa sentimita 6 usiong'aa popote umekufa, na wa sentimita 4 wenye ukingo unaong'aa bado uko hai. Ukiwa hai, TACE hurudiwa kama ini limejirudi. Ikifanywa mara mbili sehemu hiyohiyo na uvimbe usijali, madaktari wengi huacha na kutafuta dawa za mwili mzima, kwa sababu kila mara katheta inapoingia, ini lisilo na saratani nalo hulipa kidogo.

Lipo na jambo moja ambalo husahaulika kwa urahisi wa ajabu. Kemo, hata hii ya kumwagwa mahali pamoja, inaweza kukiamsha kirusi cha hepatitisi B kilichokuwa kimetulia, na ini likashindwa wiki chache baada ya TACE iliyokwenda vizuri. Kinga yake ni kidonge kimoja kwa siku cha tenofoviri au entekaviri, na tenofoviri ni dawa inayojulikana kila wilaya kwa sababu imo kwenye matibabu ya VVU. Kama majibu yako yanasema HBsAg, kipimo cha hepatitisi B, ni chanya na kwenye orodha ya dawa hakuna mojawapo ya hizo mbili, muulize daktari kabla tarehe ya katheta haijapangwa.